Mashine inazunguka ila kazi haiendi: kutafuta ubovu kati ya spidi ya kuzunguka na spidi ya kwenda

Kesi za namna hii zinakuja karakana kila wiki. Injini nzima, mota nzima, umeme upo, kila kitu kinazunguka kama kawaida, ila unga unatoka chenga, au pikipiki inavuma haiendi, au grainda inatema jiwe vipande vipande. Mtu ameshabadilisha beringi mara mbili na hela imekwisha. Mara nyingi chuma chenyewe hakina shida, shida ilianza siku alipobadilisha puli au tairi au jiwe bila kupiga hesabu moja ndogo.

Hesabu yenyewe hii hapa. Kitu kinachozunguka kina spidi mbili. Kuna spidi ya kuzunguka, yaani kinapiga mizunguko mingapi kwa dakika, na kuna spidi ya kwenda, yaani ile nukta ya pembeni kabisa inakata mita ngapi kwa sekunde. Ukitaka ya pili unachukua ya kwanza unazidisha na umbali kutoka katikati. Shuleni wanaandika v = rω: v ni spidi ya kwenda, r ni umbali kutoka katikati, na ω ni spidi ya kuzunguka, nayo inakua ya radiani kwa sekunde. Sisi tunaosoma kibati cha mota tunafanya hivi: kipenyo kwa mita, zidisha 3.14, zidisha mizunguko ya dakika, gawanya 60. Inatoka mita kwa sekunde. Ni kitu kilekile.

Alafu kuna swali moja nauliza kabla sijashika spana. Hivi vitu viwili vimefungwa kwenye shafti moja, au vimeungwa kwa mkanda? Vilivyo shafti moja vina mizunguko sawa, ila kile kikubwa ndo pembeni yake inakimbia zaidi. Vilivyoungwa kwa mkanda au cheni ni kinyume, pembeni zao zinakimbia sawasawa, maana mkanda ni mmoja, hauwezi kwenda haraka upande huu na polepole upande ule, kwahiyo kile kidogo lazima kizunguke mara nyingi zaidi. Kaangalie cherehani cha kukanyaga, gurudumu la chini linajivuta taratibu na lile dogo la juu linaruka ruka kama limechanganyikiwa, na kamba ni moja tu. Wanaoharibu mashine wengi wamechanganya hizi kesi mbili.

Kila ukaguzi hapa chini unafanywa mashine ikiwa imezimwa na imesimama kabisa, mahali pa kuwasha nitasema.

Unga unatoka chenga na debe moja linachukua muda

Kinachopasua mahindi ni spidi ya ncha ya nyundo. Mizunguko peke yake haipasui kitu. Mashine nyingi za nyundo za kusaga nafaka ncha zake zinakimbia mita 60 hadi 100 kwa sekunde, ikishuka chini ya hapo punje inasukumwa sukumwa tu ndani badala ya kupasuka, unga unatoka wa moto na chenga.

Ubovu wa kwanza, na huu ndo ninaokutana nao zaidi, mkanda unateleza. Puli ya mota inapiga mizunguko yake yote ila puli ya kinu haipati yote. Ukizima tu, sogeza kiganja karibu na puli bila kuigusa, kama inachoma kuliko mwili wa mota na kuna harufu ya mpira, ushajua. Angalia na mfereji wa puli ndani, kama umeng'aa kama kijiko hadi chini kabisa, mkanda umelika na sasa unakaa chini badala ya kubana ubavuni. Kuubana zaidi ni kununua wiki moja tu, badilisha. Na kama ni mikanda mitatu badilisha yote mitatu, mpya ukiichanganya na ya zamani ule mpya unabeba mzigo peke yake.

Cha pili chekeche limetoboka au mtu kaweka la matundu makubwa. Hii haina uhusiano na spidi ila naiweka kwasababu watu wanafungua puli kumbe tundu limechanika pembeni, na kuliangalia ni dakika mbili.

Cha tatu nyundo zimekwisha. Hapa r inapungua kabisa. Nyundo zilizokua zinafika kipenyo cha sentimita 40 zikilika zikabaki 38, spidi ya ncha imeshuka asilimia 5 na mizunguko haijabadilika hata mmoja, na juu ya hapo kona yake imekua mviringo haikati tena. Kama nyundo ina matundu mawili igeuze utumie upande wa pili.

Cha nne ndo puli yenyewe ni saizi nyingine. Puli ya zamani ilipasuka, mtu akaenda dukani akakuta ya inchi karibu na karibu akachukua. Piga hesabu: mota za umeme wa kwetu wa hetsi 50 zile za kawaida kibati kinasema kama 1450. Puli ya mota sentimita 30, ya kinu sentimita 12, kinu kinapata 1450 × 30 ÷ 12, yaani 3625 kwa dakika. Ncha ya nyundo kwenye kipenyo cha sentimita 40 inakimbia mita 76 kwa sekunde, safi. Sasa ile ya 12 umeweka ya 15 kwasababu ndo ilikuepo. Kinu kinashuka hadi 2900, ncha mita 61. Bado kinasaga ila mama anayeleta mahindi anajua, ataangalia unga wake kwenye kiganja afu wiki ijayo anapeleka kwa jirani.

Ukipima puli usipime ukingo wa nje. Mkanda unafanya kazi chini kidogo ya ukingo, kwa mkanda wa saizi B unapunguza karibu sentimita moja. Kwenye puli kubwa haisumbui, kwenye puli ndogo ya sentimita 10 hiyo ni asilimia 10 nzima umeipoteza kwenye hesabu.

Cha mwisho ni umeme, fesi imekatika au volti iko chini na mota inanguruma haifiki spidi yake. Hapo zima mara moja usijaribu tena, mota ya fesi tatu ikilazimishwa na fesi mbili inaungua ndani ya dakika chache. Ita fundi umeme, mimi mwenyewe hapo natoa mikono.

Kinu kinatetemeka na kinalia kama ndege inataka kuruka

Hili naliandika kirefu kwasababu ndo linaloua.

Mzee mmoja alikuja ananiambia, "Fundi, tangu niweke dizeli mashine ina nguvu kweli, ila inatembea." Nikadhani anatania. Nikaenda, kweli, ile fremu ilikua imesogea kama shubiri mbili kutoka alama za zamani kwenye sakafu, na bolti moja ya msingi imekatika. Alikua ametoa mota ya umeme ya 1450 akaweka injini ya dizeli ya silinda moja ambayo kibati chake kinasema 2200, na puli kubwa ya mota akaihamishia kwenye injini vilevile ilivyo. Nikamuuliza, mzee, puli ulibadilisha? Akasema ile ilikua nzima, kwanini nitupe.

Hesabu yake: 2200 × 30 ÷ 12 ni 5500 kwa dakika. Ncha za nyundo mita 115 kwa sekunde. Mkanda wenyewe unakimbia karibu mita 35 kwa sekunde, wakati puli za chuma cha kutupwa kwa kawaida hazipelekwi zaidi ya 30 na kidogo. Na hiyo ndo sehemu nafuu. Nguvu inayovuta nyundo kwenda nje inapanda kwa mraba wa mizunguko. Tuseme nyundo moja ni nusu kilo na uzito wake uko sentimita 18 kutoka katikati. Kwa 3625 pini inashika kama tani moja na robo. Kwa 5500 pini ileile inashika tani tatu. Nyundo moja! Na mjukuu wake alikua anasimama mbele ya mdomo wa kinu na debe.

Dawa ilikua puli ya sentimita 20 kwenye injini, 2200 × 20 ÷ 12 inakuja 3670 hivi, imerudi palepale. Puli moja tu, na kazi ikaisha asubuhi ileile ukiacha kuchimba msingi upya.

Lakini sio kila mtetemeko ni spidi kubwa, kwa kawaida unaanza hivi:

Kwanza nyundo hazilingani uzito. Imekatika moja, mtu kaweka moja mpya, zile nyingine zimeshalika. Kwa mashine hiyohiyo ya 3625, tofauti ya gramu 20 tu inavuta beringi kwa nguvu ya kama kilo 50, na mwelekeo unazunguka mara 60 kila sekunde. Yaani mfuko mzima wa saruji unagonga beringi kila pande, siku nzima. Kwahiyo nyundo zinabadilishwa zote, au angalau jozi zinazotazamana, na unazipima kwenye mzani wa dukani kwanza. Mimi nina mzani wa jikoni, wananicheka, wacheke.

Pili bolti za msingi zimelegea. Spana tu. Ila ukikuta inalegea kila wiki hiyo sio sababu, hiyo ni dalili.

Tatu beringi. Toa mkanda, zungusha kinu kwa mkono, sikiliza. Ikikwaruza kama mchanga, imekwisha.

Nne shafti imepinda, na hapa pelekea mwenye leti, ile mashine ya kuchonga chuma.

Wakati wa kusimama: ukisikia chuma kinagonga ndani ambacho jana hakikuepo, ukiona ufa kwenye mwili wa kinu au puli, au mtetemeko umeanza ghafla katikati ya kazi. Zima, usifungue kwanza, ngoja hadi isimame yenyewe. Puli yenye ufa haichomelewi. Najua wanachomelea. Haichomelewi.

Unataka kujua mizunguko na huna takomita

Kabla sijaenda kwenye grainda. Takomita ya mwanga unabandika kipande kinachong'aa kwenye puli unaimulika, kama unafanya kazi hii kila siku nunua. Kama huna, simu nyingi saivi zina video ya taratibu ya picha 240 kwa sekunde. Chora mstari wa chaki kwenye puli, rekodi ukiwa mbali kidogo, afu hesabu picha hadi mstari urudi palepale. Mota ya 1450 inarudi kila picha 10, ile ya 2900 kila picha 5. Hii ndo sehemu ya kwanza unayowasha mashine kwenye mwongozo huu, kwahiyo kava za mkanda ziwe zimefungwa na mtu yeyote asiwe mbele ya mdomo.

Fanya nje kwenye jua, sio chini ya taa. Taa za zile mirija na baadhi ya taa za bei rahisi zinawaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, na puli yenye mikono minne ikizunguka 1500 kwa dakika kila taa inapowaka inakuta mkono mwingine umeshika nafasi ileile, unaiona imesimama kabisa. Imesimama na inakata vidole.

Jiwe la grainda linapasuka, au linakata polepole mno

Soma maandishi kwenye jiwe. Jiwe la milimita 115 limeandikwa mwisho 13,300 kwa dakika, la 125 kama 12,250, la 180 kama 8,500, la 230 kama 6,650. Watu wanaona namba nne tofauti. Piga hesabu uone, zote zinatoka mita 80 kwa sekunde pembeni, na hiyo 80 m/s mara nyingi imeandikwa palepale pembeni ya ile kubwa. Ni kilomita 288 kwa saa. Hicho ndo kiwango chake cha kutopasuka, mizunguko inafuata saizi.

Jiwe likipasuka, sababu ya kwanza kwa wingi ni lilishaanguka au lililowa. Ufa wa jiwe hauonekani siku zote. Angalia pia kile kipete cha chuma katikati, mengi yana tarehe ya mwisho pale, gundi inayoshika chembe inazeeka kama kitu kingine chochote.

Ya pili ni ile inayonitia hasira. Mtu ana grainda ndogo ya 11,000, anatoa kava la kinga, anaweka jiwe la 230 kwasababu tundu la katikati linaingia. Linaingia, ndio. Pembeni linakimbia mita 132 kwa sekunde, kilomita 477 kwa saa, na nguvu ya kulichana imekua karibu mara mbili na robo tatu ya ile lililotengenezewa. Na kava ndo limeshatolewa. Sina ushauri wa kitaalamu hapa zaidi ya kumnyang'anya.

Ya tatu, watu wanaweka msumeno wa mbao kwenye grainda. Hapana.

Kuna dogo mmoja aliniuliza swali zuri. Jiwe la 230 likilika hadi likabaki saizi ya 115, si naliweka kwenye ndogo, kwa hesabu yako pembeni ni mita 66 tu? Hesabu iko sawa, nilimsifu. Ila vitabu vya grainda vinakataza wazi kuchukua jiwe lililolika kutoka mashine kubwa kuliweka kwenye ndogo, jiwe lilitengenezwa kwa mizunguko ya mashine kubwa na saivi limeshapigwa pigwa. Namba yangu inahesabu pembeni tu, haijui yaliyolikuta katikati. Sifanyi.

Kama shida yako ni kukata polepole, hapo ni r imeisha tu. Jiwe la 230 lililobaki 150 linakata kwa mita 52 badala ya 80. Fundi anaanza kulikandamiza kwa nguvu, mota inachemka, ananilaumu mimi kwamba grainda ni feki. Weka jiwe jipya.

Likimrukia mtu kipande jichoni au mkononi usichomoe, funika, hospitali.

Spidomita ya pikipiki haisemi kweli

Anza na waya. Sindano ikiruka ruka, au inakwama kwenye namba moja, huo ni waya mkavu au kigia cha plastiki kwenye ekseli kimelika, hesabu hapa haihusiki. Toa waya, weka grisi, zungusha kwa vidole uone sindano inacheza.

Kama sindano imetulia ila namba haifanani na ya jipiesi ya simu, uliza umebadilisha tairi gani. Hapa watu wengi wanashangaa: kwenye pikipiki nyingi hizi za biashara spidomita inasoma gurudumu la mbele. Haijui spidi ya kwenda, inahesabu mizunguko tu na kuamini tairi ni ile ya kiwandani. Kwahiyo ukibadilisha sproketi ya nyuma spidomita haidanganyiki. Ukibadilisha tairi la nyuma pia. La mbele ndo linaisema.

Ringi ya 17 na tairi ya 2.75 inatembea kama mita 1.80 kwa mzunguko mmoja. Ukifunga ringi ya 18 na tairi ya upana uleule inatembea kama 1.88. Sindano ikisema 60 wewe uko 62 au 63. Ni kidogo, sawa, ila kwenye eneo la makazi la kilomita 50 wewe unasema uko 50 na tochi ya trafiki inasema 52. Kwa kawaida viwanda vinaipa spidomita ionyeshe juu kidogo, kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inayotaka isionyeshe chini ya spidi ya kweli kamwe, kwahiyo ikiwa mpya ule uongo mdogo ni wa kukulinda. Ukiongeza tairi umeula ule uongo.

Kupima usiamini namba za ubavuni. Weka chaki kwenye tairi na sakafuni, mtu akae juu ya pikipiki maana uzito unalibonyeza tairi, isukumeni mizunguko 10, pima kwa futi kamba, gawanya 10. Mkipima bila mtu juu mtapata tairi kubwa kuliko ilivyo barabarani. Pia jaza upepo kwanza, tairi lenye upepo mdogo lina r ndogo.

Pikipiki inavuma ila haiendi

Klachi kwanza, siku zote klachi kwanza. Uko gia ya juu, unaongeza mafuta, sauti inapanda spidi haipandi: sahani za klachi zimekwisha. Kisha cheni, angalia meno ya sproketi kama yamechongoka kama ya papa, cheni inaruka.

Ikiwa vyote vizima hesabu meno. Cheni ni kama mkanda, kila jino la mbele linavuta jino moja la nyuma. Meno 14 mbele na 42 nyuma, mbele inazunguka mara 3 gurudumu likizunguka mara moja. Mtu wa milimani kaweka 45 nyuma ili apande na magunia, sasa ni mara 3.2, injini inazunguka asilimia 7 zaidi kwa spidi ileile. Sio ubovu, ni uchaguzi wa aliyekuuzia. Kama unakaa tambarare rudisha 42 na uone mafuta.

Biti ya drili inageuka buluu na haitoboi

Chuma laini na biti ya kawaida wanataka ukingo wa biti ukimbie kama mita 25 hadi 30 kwa dakika. Kwa dakika, sio sekunde. Biti ya milimita 6 hiyo ni mizunguko 1,300 hadi 1,600. Biti ya 13 ni 600 hadi 730. Drili ya mkono ukiibonyeza hadi mwisho ni karibu 3,000, biti ya 13 ukingo wake unakimbia mita 122 kwa dakika, mara nne ya inavyotaka, inawaka inabadilika rangi na ikizidi chuma chake kinapoteza ugumu. Ikiungua hadi ikapoteza ugumu, hata ukiinoa haishiki, kata ile sehemu yote. Kwahiyo biti kubwa spidi ndogo, mafuta kidogo, kandamiza. Biti ndogo ndo unaachia. Vijana wengi wanafanya kinyume kwasababu biti kubwa inaonekana inataka nguvu, na nguvu kwao ni kubonyeza hadi mwisho.

Gari la magurudumu manne linakuwa gumu kwenye kona

Fupi tu. Tairi mpya mbele na zilizokwisha nyuma, r hazilingani, na ukiwa umefunga gia ya magurudumu yote manne kwenye lami shafti ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa mizunguko sawa wakati tairi zinataka tofauti, na kwenye kona zaidi maana za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma. Usukani unakaza, gari linajivuta. Toa ile gia ukiwa barabara kavu, fananisha tairi. Kama kuna mlio wa kuvunjika kutoka chini acha kuendesha, gia boksi sio ya kujaribia.

Hesabu haitoki

Hii ni ya wanafunzi, nao wanakuja, wa kidato cha tano hasa. Nawapa pikipiki: iko kilomita 60 kwa saa, tairi r yake sentimita 28.6, tafuta ω. Gawanya 60 kwa 3.6 upate mita 16.67 kwa sekunde, gawanya kwa 0.286, inatoka 58.3 radiani kwa sekunde. Ukipata namba nyingine, tazama umepata ipi.

Umepata 29? Umetumia kipenyo badala ya r, hili ndo kosa linaloongoza. Umepata 210, hukugawanya kwa 3.6. Umepata 0.58, sentimita hukuzigeuza. Umepata 557, hiyo ni mizunguko kwa dakika, sio kosa ila sio ω, gawanya kwa 9.55. Umepata 3340, hizo ni digrii, gawanya kwa 57.3. Na ukiwa na mkanda na puli mbili ukaandika ω zao ni sawa, rudi kwenye cherehani.

Jana mmoja kanionyesha kazunguka kurudi nyuma kutafuta v, kapata mita 1,667 kwa sekunde kwa pikipiki, mara mbili ya risasi ya bunduki, na kapigia mistari miwili chini ya jibu. Nikamwambia dogo, hizo ni sentimita.